Sakafu Inayong'aa Mpaka Jumamosi: Mwongozo kwa Wavivu Wenye Heshima Zao

Jumamosi umefagia, umemwaga maji, umesugua kwa sabuni, umepangusa, umepaka rangi. Jioni ile sakafu yako ungeweza kumwonyesha gavana. Jumapili, baada ya ibada, watu wamepita kukusalimu. Jumatatu lori limepita bila kusalimu. Leo ni Jumanne, na ukivuka sebule pekupeku unaacha nyayo ambazo fundi viatu angezipima.

Vitabu vya utunzaji wa nyumba vinakwambia ufagie kila siku. Waliovitunga hawajakaa Lualaba, huku Kongo, mwezi wa nane. Mimi sikuombi ufagie kila siku. Nakuomba uonekane unafagia kila siku, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, nyepesi zaidi, tena ina heshima zaidi. Fuata hatua hizi na utafika Jumamosi ijayo jina lako likiwa safi, hata kama sakafu imepata matatizo yake njiani.

1. Kubali kwamba hutashinda

Jua kwanza unapambana na nani. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hatupati mvua ya maana. Udongo wetu umejaa chuma, ndiyo maana ni mwekundu hivi, na pale Kolwezi malori ya shaba na kobalti yanausaga usiku na mchana mpaka unakuwa laini kuliko unga wa muhogo. Ukija huku Sandoa malori yanapungua, lakini usifurahi: tumekalia mchanga wa Kalahari, ambao ulisambaa mpaka kwetu bila kuitwa, na kila mguu unaotoka mto Lulua unaleta fungu lake ndani.

Mwezi wa kumi mvua inarudi na unashangilia kwamba vumbi limekwisha. Halijakwisha. Limegeuka matope, na sasa lina uzito.

Piga hesabu kama mtu mzima. Anayefagia saa mbili asubuhi kando ya barabara kuu anaondoa vumbi la saa moja ili la saa tatu lipate pa kukaa. Ukishaelewa hilo moyo wako utatulia, na moyo uliotulia ndio unaoweza kupanga ujanja.

2. Chagua sakafu inayofanana na uchafu wako

Kama bado unajenga, una bahati. Sikiliza.

Sakafu bora kwa mvivu ni ya udongo wa kichuguu. Vichuguu vya huku kwetu Katanga vinapanda juu kuliko nyumba nyingi, na udongo wake unanata: ndio tunaofyatulia matofali, na ukiupondaponda sakafuni, ukaulowesha na kuusawazisha, unakauka ukawa mgumu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba sakafu na vumbi ni ndugu. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika kwamba udongo una udongo.

Ya pili ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu ya nta. Watu wanadhani wazee waliipenda kwa ajili ya mng'ao. Iangalie vizuri, kisha angalia barabara. Rangi ni ile ile! Aliyechagua nyekundu katika nchi ya udongo mwekundu hakuwa mshamba. Alikuwa mwalimu wetu sote.

Ya tatu ni balatumu, lile zulia la plastiki lenye maua. Chukua yenye maua mengi, madogo madogo, ya rangi zinazogombana. Punje ya bukari, yaani ugali, ikidondoka hapo, mpaka aigundue mtu, panya atakuwa amekwisha kuishughulikia.

Ya mwisho, ya kukimbia, ni kigae cheupe. Nakujua. Umepata pesa kidogo, umeona jumba moja Kolwezi limetandikwa kigae cheupe mpaka barazani, na roho yako imekubali. Kigae cheupe hakitunzi siri. Unywele mmoja unaonekana kutoka mlangoni. Ukishakitandika, mwongozo huu hautakufaa tena: tafuta mfanyakazi wa kila siku, au acha kupokea wageni.

3. Pigana mlangoni, usipigane ndani

Uchafu mwingi wa sakafu hauna miguu yake. Unapanda ya watu. Kwa hiyo weka kizuizi kizingitini. Chukua gunia, lile la kawaida linalobeba mahindi, makaa au mawe ya mgodini, likunje mara mbili, lilowanishe kidogo, litandaze mbele ya mlango. Mguu ukikanyaga gunia bichi unaacha pale nusu ya safari yake. Weka na gunia la pili, kavu, upande wa ndani. Watu watadhani wewe ni mtu wa usafi sana, na umetumia vitu viwili vya bure.

Viatu ni suala la siasa. Wenzetu wa Zanzibar na pwani yote walilimaliza zamani: viatu hubaki nje, awe tajiri, awe maskini, na hakuna anayeona ajabu. Kwetu Katanga mtu amekipiga kiatu rangi tangu asubuhi, amekivusha madimbwi yote ya njia nzima ili wewe ukione, halafu umwambie akivue mlangoni? Utakuwa umemvua na heshima.

Basi usimwambie. Panga jozi tatu nne za viatu kando ya kizingiti, hata kama ni vya zamani visivyovaliwa, ili aone kwamba hapa ndipo viatu vinapolala. Kisha, akipiga hodi, toka nje kumpokea, vua vyako mbele yake taratibu, uingie pekupeku. Watu wazuri wataelewa. Mchungaji na chifu hawataelewa, na hao usiwalazimishe. Waongoze kwenye kiti cha karibu kabisa na mlango na umalize mambo haraka.

4. Safisha njia, usisafishe chumba

Simama mlangoni kama mgeni. Tazama. Mgeni anaona nini? Anaona kizingiti, anaona hatua chache kuelekea kiti, anaona mahali atakapoweka miguu yake, na anaona ukuta wa mbele wenye picha ya harusi. Basi. Hiyo ndiyo nyumba yako. Vingine vyote ni bohari.

Kwa hiyo siku za katikati ya wiki pangusa uchochoro ule tu, kutoka kizingiti mpaka kiti cha heshima, upana wa watu wawili. Dakika zako hazitafika hata kumi. Pembe za chumba ziache mpaka Jumamosi. Ndiyo maana ziliwekwa pembeni.

Angalia pia urefu wa viti. Mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu anaona meza. Aliyekaa kwenye kigoda anaona chini ya kabati, na chini ya kabati kuna mambo ya mwaka jana. Kigoda mpe mtoto au rafiki wa siri. Mama mkwe akae kwenye kiti kikubwa chenye mto, kile kinachommeza mtu mpaka kuinuka kwake kunahitaji msaada. Mtu asiyeweza kuinuka hawezi kukagua.

5. Tawala mwanga

Vumbi linaonekana pale mwanga unapolipiga kwa ubavu. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima, na saa hizo linaingia dirishani likiwa limelala chini kabisa, likimwonyesha mgeni kila punje na kivuli chake. Saa sita mchana jua liko juu ya bati, na sebule ile ile inaonekana imetunzwa.

Hitimisho unalijua. Wageni waalike kati ya saa tano na saa nane. Pazia la upande wa magharibi lishushe saa kumi alasiri, na akiuliza mtu, sema unalinda kitambaa cha makochi kisichakae. Akija wa jioni, mkaribishe barazani kwa sababu ya hewa nzuri. Na siku ambazo SNEL, shirika la umeme, wanaukata umeme, usiungane na mtaa kulalamika. Washa mshumaa mmoja, uuweke mbali na sakafu, ufurahie usafi wako.

6. Acha ushahidi

Hii ndiyo hatua ya mabingwa. Kazi isiyoacha alama haihesabiki, na alama isiyotokana na kazi inahesabika vizuri tu.

Asubuhi na mapema, kabla mtaa haujaamka sawasawa, fagia mbele ya lupango lako, yaani kiwanja chako, kwa ufagio wa vijiti. Usifagie pote: futi chache kutoka mlangoni hadi njiani, kwa mistari mirefu iliyonyooka. Ile mistari ya ufagio kwenye udongo ni hati ya kazi. Jirani akipita anaisoma, anasema moyoni, «Mama huyu ameamka kabla ya jogoo,» na hatawaza kwamba mbele ya mlango pamefagiwa na ndani hapajaguswa. Tena uwanja uliofagiwa una faida nyingine isiyo ya uongo: nyoka akipita, utaona.

Kisha jaza ndoo maji nusu, dondoshea sabuni kidogo, tundika kitambaa cha kupangusia ukingoni, uiweke karibu na mlango. Iache hapo mpaka jioni. Kila atakayeingia ataona kwamba amekukatiza kazi. Atasema, «Samahani, nimekukuta una shughuli.» Wewe shusha pumzi ndefu, ujibu, «Aah, hakuna neno, hizi kazi haziishi.» Hujasema uongo hata kidogo. Kweli haziishi, maana hujazianza.

Na harufu ya ile sabuni itatembea nyumba nzima bila kukuomba msaada. Pua ya mgeni hufika kabla ya macho yake, na pua ikisharidhika, macho huwa na adabu.

7. Ukilazimika kufagia, fagia mara moja

Itatokea siku. Mtoto amemwaga unga, au mbuzi wa jirani ameingia kukutembelea. Hapa usifanye kosa la kila mtu la kufagia pakavu. Ufagio mkavu hauondoi vumbi laini. Unalirusha hewani, linakaa huko linakutazama, ukishapumzika linashuka tena juu ya meza, juu ya kitanda na juu ya sakafu ile ile. Umefanya kazi mara moja, umechafua mara tatu.

Nyunyiza maji kwanza kwa vidole, kidogo tu. Ukinyunyiza mengi umetengeneza matope na Jumamosi yako imehamia Jumatano. Kama unakunywa chai ya majani, usiyatupe: yakamue, yatawanye sakafuni yakiwa mabichi, ufagie nayo. Vumbi linayashika, linatoka nayo. Isabella Beeton aliwaandikia hivyo wanawake wa Uingereza mwaka 1861 katika kitabu chake cha kutunza nyumba, na yeye alikuwa akiwaza mazulia ya mabwana. Ukikutwa unamwaga majani ya chai sebuleni, simama wima na useme ni njia ya Kiingereza.

8. Igeuze kazi kuwa ya taifa

Peke yako ni kazi. Mkiwa wengi ni maendeleo. Rais wetu wa zamani, Mobutu, alilijua hilo: alituachia neno salongo, kazi ya pamoja ambayo kila mwananchi alipenda kuifanya, hasa alipokuwa akitazamwa. Warwanda nao wana umuganda wao, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nchi nzima. Kwa nini nyumba yako ikose serikali?

Tangaza salongo ya nyumbani siku ya Jumatano jioni. Wape watoto vipande vya blanketi kuukuu, wavikanyage kwa miguu yote miwili, washindane kuteleza kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafu ya nta haijawahi kupata mng'arishaji bora kuliko watoto walioruhusiwa kuteleza. Kazi yako ni kukaa kwenye kiti na kutangaza mshindi. Usimtangaze mapema.

Usione haya kwa kutumia cheo. Katika mkoa wetu usafi wa nyumba umekuwa na mkubwa wake tangu zamani. Union Minière, ile kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo dola iliitwaa mwaka 1967 ikaja kuwa Gécamines, iliwajengea wafanyakazi kambi zenye nyumba za safu moja, na ndani ya kambi wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna ya Kibelgiji. Panapokuwa na mwalimu wa usafi, pana mkaguzi wa usafi. Na panapokuwa na mkaguzi, pana mtoto aliyetumwa kusimama kwenye kona ya barabara kuangalia kama anakuja. Ujanja wetu una ukoo. Bibi zetu ndio walioushikilia.

9. Kariri maneno ya kinga

Kuna siku utakamatwa. Dada mkubwa atafika bila taarifa, atapitisha kidole mahali asipopaswa, atakionyesha kwa nyumba nzima. Usitetemeke. Jibu limeandaliwa.

Anayefika kiangazi mwambie, «Yaya, hili ni la leo. Ungeliona la jana!»

Anayefika masika mwambie, «Nasubiri pakauke. Ukipangusa matope mabichi unayaingiza ndani ya saruji.» Hilo lina ukweli ndani yake, na maneno yenye ukweli ndani yanadumu.

Anayetoka Kolwezi mwambie, «Ninyi mna magari ya kumwagia barabara maji. Sisi tunalo jua peke yake.» Ataondoka akijisifu kwa mji wake na atakusahau.

Anayetoka Kinshasa usimwambie chochote. Mpe maji ya kunywa, umsifie viatu. Atavitazama vyenyewe, na hatatazama vinachokanyaga.

10. Mtu mmoja usimdanganye

Mpaka hapa tumewadanganya watu wanaosimama. Mchungaji, mama mkwe, jirani, dada mkubwa: wote wanaiona sakafu kutoka juu, kwa mbali, wakiwa na adabu. Sasa tuongee kuhusu yule anayeishi huko chini. Yeye haji saa sita mchana. Haongozwi kwenye kiti. Harufu ya sabuni haimzuii kwenda chini ya kabati. Anatambaa mpaka pembeni, anaokota alichokikuta, na anakitia mdomoni ili akijue vizuri.

Na vumbi la mkoa huu si la kuchezea. Mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ilipojulikana mwaka 2014 kwamba kobalti imelala chini ya nyumba, watu walichimba uani, na wengine wakapasua sakafu za vyumba vyao wakashuka. Mawe yalipandishwa, yakapondwa, yakapangwa mbele ya milango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikwenda kupima, na mwaka 2018 walichapisha walichokiona: wakazi wa pale walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa jirani usio na mashimo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Vumbi la nyumbani nalo walilipima, madini yalikuwemo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na mtoto anayetambaa hapa kwetu anapata mgao wake kabla ya wenye simu huko ng'ambo.

Kwa hiyo hapa ujanja usimame kidogo. Kama una mtoto wa kutambaa, mkatie eneo lake: mkeka mmoja, au kipande cha balatumu, upana wa hatua tatu kwa tatu. Hilo eneo lipanguse kila siku kwa kitambaa kibichi, kwa maji safi yenye sabuni, pembe zake zote, hata kama hakuna mgeni anayekuja mpaka Krismasi. Kama kuna mtu anarudi kutoka mgodini, viatu vyake na nguo zake za kazi zibaki nje, na hapo siasa za hatua ya tatu hazihusiki: awe mume, awe baba mkwe, anavua. Mikono ya mtoto ioshe kabla ya kula, na kabla ya kulala.

Hii itakuchukua dakika chache kwa siku. Utazipata wapi? Kwenye zile ulizoziiba kwa uchochoro wa wageni, kwa mapazia, kwa majani ya chai na kwa watoto wanaoteleza. Ndiyo maana nimekufundisha kuiba.

Na ukimaliza kupangusa mkeka wa mtoto, usimwage yale maji. Bado yana povu. Yaweke mlangoni na kitambaa chake juu: leo ni Jumanne, na dada mkubwa hana adabu ya kutoa taarifa.